Dario Hübner

Dario Hübner (alizaliwa Muggia, mkoa wa Trieste, 28 Aprili 1967) ni mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu kutoka nchini Italia aliyecheza katika nafasi ya mshambuliaji. Sehemu kubwa ya kazi yake aliitumia katika madaraja ya chini ya soka la Italia, na hakucheza katika ligi kuu ya nchi hiyo (Serie A) hadi alipofikisha umri wa miaka 30.

Pamoja na kuchelewa huko, Hübner aliibuka mfungaji bora wa Serie A katika msimu wa 2001-02 akiwa na klabu ya Piacenza, kwa mabao 24 sawa na David Trezeguet wa Juventus. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa mfungaji bora wa Serie C1 (1991-92) na wa Serie B (1995-96). Yeye na Igor Protti ndio wachezaji wanaojulikana kwa kuongoza orodha ya wafungaji katika madaraja yote hayo matatu. Hata hivyo hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya Italia.

Mashabiki walimpa jina la utani la *Tatanka*, neno la Kilakota, lugha ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, lenye maana ya nyati wa Marekani. Jina hilo lilitokana na umbo lake na namna alivyokimbia kuelekea goli.

## Maisha ya awali

Hübner alizaliwa na kukulia Muggia, mji mdogo wa bandari kwenye bahari ya Adria. Mji huo uko kusini mwa Trieste, karibu kabisa na mpaka wa nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia (leo Slovenia). Jina la ukoo wake lina asili ya Kijerumani, jambo la kawaida katika eneo hilo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa chini ya watawala wa Austria.

Tofauti na wachezaji wengi waliofika Serie A, yeye hakulelewa katika shule ya soka ya klabu kubwa. Aliacha masomo mapema akaanza kufanya kazi za mikono: alijifunza ufundi wa chuma, kisha akawa fundi wa kutengeneza na kufunga milango na madirisha ya alumini. Mpira aliucheza baada ya saa za kazi, katika timu ya nyumbani kwao, Muggesana, iliyokuwa ikishiriki ligi za ridhaa za mkoa. Alipofikisha miaka 20 alikuwa bado hajawahi kulipwa mshahara wa mchezaji.

## Ngazi za soka la Italia wakati wake

Ili kuelewa safari ya Hübner ni lazima kujua jinsi ligi za Italia zilivyopangwa katika miaka ya 1980 na 1990. Mpangilio ulikuwa hivi, kuanzia juu:

* Serie A: ligi kuu, yenye timu 18 tangu 1988 hadi 2004;
* Serie B: daraja la pili;
* Serie C1: daraja la tatu, lililogawanywa katika makundi kulingana na jiografia;
* Serie C2: daraja la nne, nalo la makundi, na la mwisho katika soka la kulipwa;
* Interregionale (baadaye Serie D): ngazi ya juu ya soka la ridhaa;
* chini yake, ligi za mikoa, ambako wachezaji wengi wana kazi nyingine za kuwaingizia kipato.

Mgawanyo wa C1 na C2 ulianza mwaka 1978 ukafutwa mwaka 2014, pale madaraja hayo mawili yalipounganishwa kuwa ligi moja. Hübner alicheza katika kila moja ya ngazi hizo. Alipanda kutoka ligi za mkoa hadi kileleni, kisha akateremka tena hadi huko alikoanzia.

## Kazi ya klabu

### Kutoka ridhaa hadi Fano (1987-1992)

Mwaka 1987 alijiunga na Pievigina, timu ya Pieve di Soligo katika mkoa wa Treviso, iliyokuwa Interregionale. Mabao aliyofunga huko yalitosha kumpatia nafasi katika soka la kulipwa: mwaka 1988 alisajiliwa na Pergocrema ya mji wa Crema, Lombardia, iliyokuwa Serie C2.

Baada ya msimu mmoja alihamia Fano, klabu ya mji wa pwani katika eneo la Marche, alikokaa kwa misimu mitatu. Katika msimu wa kwanza, chini ya kocha Francesco Guidolin, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa makocha waliodumu sana Serie A, Fano ilipanda kutoka C2 hadi C1. Msimu wa 1991-92 Hübner alikuwa mfungaji bora wa kundi lake katika Serie C1. Hilo ndilo lililomfungulia mlango wa Serie B akiwa na miaka 25.

### Cesena (1992-1997)

Hübner aliichezea Cesena kwa misimu mitano, yote katika Serie B, na kuifungia mabao 74 ya ligi katika mechi 166. Mwaka 1994 klabu hiyo ilikaribia sana kupanda. Ilimaliza ikiwa na pointi sawa na Padova, hivyo ikachezwa mechi moja ya kuamua katika uwanja wa Cremona. Padova ilishinda 2-1 na kwenda Serie A, huku Hübner na wenzake wakibaki walipokuwa.

Msimu wa 1995-96 alifunga mabao 22 na kuwa mfungaji bora wa Serie B. Kwa kawaida mafanikio ya namna hiyo humletea mshambuliaji ofa kutoka klabu za ligi kuu, lakini Hübner alikuwa na miaka 29, na klabu nyingi zilimwona ameshapita umri wa kuanza. Alibaki Cesena kwa msimu mwingine mmoja, ambao uliisha vibaya: mwaka 1997 timu ilishuka hadi Serie C1.

### Brescia (1997-2001)

Kiangazi cha 1997 alisajiliwa na Brescia, iliyokuwa imepanda Serie A. Mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ilichezwa tarehe 31 Agosti 1997 katika uwanja wa San Siro mjini Milano, dhidi ya Inter. Siku hiyo macho yote yalikuwa kwa Ronaldo, Mbrazili aliyenunuliwa kutoka Barcelona, ambaye naye alikuwa akicheza mechi yake ya kwanza ya Serie A. Aliyefungua ukurasa wa mabao, hata hivyo, alikuwa Hübner, aliyeiweka Brescia mbele katika kipindi cha pili. Inter iliokolewa na kijana wa Uruguay, Álvaro Recoba, aliyeingia kutoka benchi na kufunga mabao mawili ya mbali kwa mguu wa kushoto katika dakika za mwisho. Mechi iliisha 2-1.

Katika msimu huo Hübner alifunga mabao 16, lakini hayakutosha: Brescia ilimaliza katika nafasi ya 15 na kushuka daraja. Hübner hakuondoka. Alifunga mabao 21 katika Serie B msimu wa 1998-99 na mengine 21 msimu wa 1999-2000, ambapo Brescia ilirudi ligi kuu chini ya kocha Nedo Sonetti.

Msimu wa 2000-01 kocha alikuwa Carlo Mazzone, na klabu ilimsajili Roberto Baggio. Safu ya mbele ya Brescia iliwakutanisha watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1967, wakapita njia tofauti kabisa. Mwaka 1990 Baggio alikuwa akicheza Kombe la Dunia nchini kwao, wakati Hübner alikuwa akitoka daraja la nne na Fano. Mwaka 1994 Baggio aliiongoza Italia hadi fainali ya Kombe la Dunia huko Marekani, na wakati huohuo Hübner alikuwa amekosa kupanda daraja na Cesena. Walipokutana, Baggio alitoa pasi na Hübner alimalizia. Kuanzia Januari 2001 walikuwa pia na kiungo Andrea Pirlo, aliyerudi Brescia kwa mkopo kutoka Inter. Hübner alifunga mabao 17, na timu ilimaliza katika nusu ya juu ya msimamo na kupata nafasi ya kushiriki Kombe la Intertoto.

Kwa jumla aliifungia Brescia mabao 75 ya ligi katika misimu minne. Mwaka 2001 klabu iliamua kujenga upya safu ya ushambuliaji ikamnunua Luca Toni, aliyekuwa na miaka 24. Hübner, aliyekuwa na miaka 34, akaruhusiwa kuondoka.

### Piacenza (2001-2003)

Piacenza ni mji ulio kando ya mto Po katika eneo la Emilia-Romagna. Klabu yake ilipanda Serie A kwa mara ya kwanza mwaka 1993, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa kutumia wachezaji Waitalia peke yao, wakati klabu nyingine zote zilikuwa zikinunua wageni. Mwaka 2001, baada ya kupanda tena, ilianza kusajili wageni, lakini tegemeo lake la mabao lilikuwa Mwitalia mwenye umri mkubwa kuliko karibu washambuliaji wote wa ligi.

Chini ya kocha Walter Novellino, Hübner alicheza msimu bora kabisa wa maisha yake. Hadi kufika siku ya mwisho, 5 Mei 2002, mambo mawili yalikuwa bado hayajaamuliwa kwa upande wake: nani atakuwa mfungaji bora, na kama Piacenza itabaki katika ligi kuu. Mpinzani wa siku hiyo alikuwa Verona, naye akiwa katika hatari ya kushuka. Piacenza ilishinda 3-0, Hübner akifunga mabao mawili. Piacenza ilinusurika na Verona ikashuka.

Siku hiyohiyo mjini Udine, Trezeguet aliifungia Juventus katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Udinese uliowapa ubingwa, baada ya Inter kufungwa 4-2 na Lazio mjini Roma. Wote wawili, Hübner na Trezeguet, walimaliza wakiwa na mabao 24. Trezeguet alikuwa bingwa wa dunia wa 1998, na ndiye aliyefunga goli la dhahabu dhidi ya Italia katika fainali ya Kombe la Ulaya la 2000. Hübner alikuwa ametimiza miaka 35 wiki moja kabla.

Hivyo akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuwa mfungaji bora wa Serie A. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2015, ilipovunjwa na Luca Toni, yuleyule aliyechukua nafasi yake Brescia, aliyefunga mabao 22 akiwa na Verona na kugawana nafasi ya kwanza na Mauro Icardi akiwa na umri wa miaka 38.

Baada ya msimu huo Hübner alialikwa na AC Milan kuungana nao katika ziara ya mechi za kirafiki nchini Marekani, lakini hakusajiliwa. Alirudi Piacenza, akafunga mabao 14 katika msimu wa 2002-03. Safari hii timu haikuokoka, ikashuka Serie B.

### Ancona, Perugia na Mantova (2003-2005)

Mwaka 2003 alijiunga na Ancona iliyokuwa imepanda Serie A, lakini hakufunga bao lolote la ligi katika timu iliyokuwa mkiani tangu mwanzo. Januari 2004 alihamia Perugia na kufunga mabao 3, yaliyokuwa ya mwisho kwake katika ligi kuu. Perugia ilishuka baada ya kufungwa na Fiorentina katika mechi za mchujo.

Msimu wa 2004-05, akiwa na miaka 37, alirudi Serie C1 na Mantova iliyofundishwa na Domenico Di Carlo. Klabu hiyo ilishinda mechi za mchujo na kurudi Serie B baada ya zaidi ya miaka 30.

### Kurudi kwenye soka la ridhaa (2005-2011)

Wachezaji wengi waliofika alipofika wangestaafu hapo. Hübner aliendelea, kwanza katika Serie D na timu za Chiari na Rodengo Saiano, zote za mkoa wa Brescia, kisha katika ligi za mikoa za Lombardia. Alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 44. Mabeki aliokutana nao katika miaka hiyo ya mwisho walikuwa mafundi, wafanyakazi wa viwandani na wanafunzi, watu wa aina aliyokuwa yeye mwenyewe alipoanza Muggia.

## Timu ya taifa

Hübner hakuwahi kuitwa katika timu ya taifa ya Italia. Suala hilo lilizungumzwa zaidi mwaka 2002, kwa kuwa Kombe la Dunia la Korea Kusini na Japani lilianza wiki chache baada ya yeye kuwa mfungaji bora. Kocha Giovanni Trapattoni aliwachagua washambuliaji Christian Vieri, Filippo Inzaghi, Alessandro Del Piero, Francesco Totti, Vincenzo Montella na Marco Delvecchio. Wote sita walikuwa wakichezea klabu kubwa za Torino, Milano na Roma. Italia ilitolewa katika hatua ya 16 bora tarehe 18 Juni 2002 ilipofungwa 2-1 na Korea Kusini kwa goli la dhahabu.

Sababu za kutoitwa kwake zinaeleweka. Kipindi chake cha Serie A kiliangukia wakati ambao Italia ilikuwa na washambuliaji wengi wa kiwango cha juu, na yeye alikuwa na umri mkubwa, bila uzoefu wowote wa mechi za kimataifa. Lakini kukosekana huko kunabaki kuwa jambo lisilo la kawaida: wafungaji bora wa Serie A walio raia wa Italia kwa kawaida huwa wamevaa jezi ya taifa angalau mara moja. Igor Protti naye hakuwahi kuivaa.

## Mtindo wa uchezaji

Hübner alikuwa mshambuliaji wa kati mwenye nguvu, aliyependelea kukimbilia mipira iliyopigwa nyuma ya mabeki. Sifa yake kubwa ilikuwa shuti: alipiga mapema, kwa nguvu, mara nyingi bila kutuliza mpira. Hakuwa mtu wa chenga nyingi wala wa kucheza mbali na goli. Mtindo huo ulifaa timu ndogo zilizotumia muda mwingi kujilinda na kushambulia kwa haraka, kwa sababu hakuhitaji nafasi nyingi ili kufunga.

Pia alijulikana kwa kutofuata masharti ya maisha ya mchezaji wa kisasa. Alivuta sigara katika kipindi chote cha uchezaji wake na hakuficha jambo hilo, wala kupenda kwake glasi ya grappa, pombe kali ya zabibu inayonywewa sana kaskazini mwa Italia. Wapo wanaosema kwamba tabia hiyo ilizifanya klabu kubwa zisite kumsajili.

## Hübner na Protti

Igor Protti alizaliwa Rimini mwaka 1967, mwaka uleule wa Hübner. Alikuwa mfungaji bora wa Serie A msimu wa 1995-96 akiwa na Bari, kwa mabao 24 sawa na Giuseppe Signori wa Lazio, ingawa Bari ilishuka daraja mwishoni mwa msimu huo. Baadaye alirudi chini kuichezea Livorno, akawa mfungaji bora wa kundi lake la Serie C1 mara mbili mfululizo (2001 na 2002) na kisha wa Serie B (2003).

Wawili hao hufananishwa mara nyingi, lakini mwelekeo wao ni kinyume. Protti alianza na taji la Serie A kisha akapata ya chini akiirudisha Livorno juu. Hübner alianza na taji la C1 na kumalizia na la ligi kuu, na kati ya taji la kwanza na la mwisho ilipita miaka 10.

## Baada ya kustaafu

Baada ya kuacha kucheza, Hübner alifundisha timu za ngazi za chini huko Lombardia. Habari za maisha yake zimeandikwa katika kitabu *Mi chiamavano Tatanka*, yaani "Waliniita Tatanka". Mwaka 2018 mwanamuziki wa Italia Calcutta alitoa albamu ya *Evergreen* yenye wimbo unaoitwa *Hübner*. Wimbo huo ulilifikisha jina lake kwa vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza.

## Mabao ya ligi katika Serie A na Serie B

* 1992-1997: Cesena (Serie B), mabao 74
* 1997-98: Brescia (Serie A), mabao 16
* 1998-99: Brescia (Serie B), mabao 21
* 1999-2000: Brescia (Serie B), mabao 21
* 2000-01: Brescia (Serie A), mabao 17
* 2001-02: Piacenza (Serie A), mabao 24
* 2002-03: Piacenza (Serie A), mabao 14
* 2003-04: Ancona na Perugia (Serie A), mabao 3

Jumla: mabao 74 katika Serie A na mabao 116 katika Serie B.

## Mafanikio

### Ya klabu

* Kupanda Serie C1: Fano, 1990
* Kupanda Serie A: Brescia, 2000
* Kupanda Serie B: Mantova, 2005

### Ya binafsi

* Mfungaji bora wa Serie C1 (kundi): 1991-92
* Mfungaji bora wa Serie B: 1995-96 (mabao 22)
* Mfungaji bora wa Serie A: 2001-02 (mabao 24, pamoja na David Trezeguet)